Mhuri Uliompandisha Ndege Nesi Leonia

Jina la kituo chenyewe nalimeza. Wenyewe wana hasira za karibu, na mimi malaria bado inanishika kama watu wengine, sitaki kuchomwa sindano kwa chuki. Ijulikane tu kwamba ni kituo kimoja cha afya kando ya Ziwa Tanganyika, huku kwetu Kigoma, chenye bango kubwa kuliko wodi yake, na kwamba kwa miaka kumi na moja mkunga wake alikuwa Leonia.

Kwenye karatasi wakunga walikuwa wanne. Mmoja alikuwa masomoni tangu enzi ambazo hata aliyemsainia ruhusa amekwisha kustaafu. Wa pili alimfuata mume Dodoma, jina likabaki ukutani kwenye ratiba ya zamu, likipangiwa zamu kila wiki bila kukosa. Wa tatu alikuwa anaumwa mgongo, na mgongo huo ulijua kalenda kuliko mwenyewe. Akabaki Leonia, ambaye hakuumwa mgongo wala hakuwa na mume wa kumfuata. Baba wa mwanawe alikwenda Uvinza kwenye chumvi miaka tisa iliyopita, akayeyukia hukohuko.

Leonia alizaliwa Mwandiga kwa mama yake, Skolastika, mkamuaji wa mawese. Mjini alipanga vyumba viwili Buzebazeba, yeye na bintiye Happiness wa miaka kumi na mmoja. Mwanamke mfupi, mwenye mikono midogo ambayo kila mjamzito aliisifu, na mdomo ambao hakuna aliyeusifu. Maana tuseme kweli jamani, Leonia alikuwa na mdomo. Wanawake waliletwa na mitumbwi ya injini kutoka vijiji vya kusini, wamelowa chapachapa, uchungu umewashika tangu jana yake, na salamu ya kwanza waliyoipata ni, "Ulikuwa unasubiri mtoto aote meno humohumo ndiyo uje?" Wanalia. Anawafuta, anawashika mkono, anawazalisha. Wakiruhusiwa kwenda nyumbani wanamwita dada na kumletea dagaa.

Kipimo cha presha kilikuwa chake. Taa ya kuvaa kichwani, kwa zile siku umeme unapokwenda matembezi, ilikuwa yake. Birika lilikuwa lake. Kituo chenyewe kilichangia vitanda, mizani, na picha ukutani ya mama mmoja mweupe wa meno akinyonyesha huku anatabasamu.

Sasa sikilizeni balaa lilivyoanza. Mwezi mmoja wa Agosti glavu zilikwisha stoo. Wiki ya kwanza zikaagizwa. Wiki ya pili zikaagizwa tena. Wiki ya tatu Daktari Eliakimu, mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, akasema zimeshaagizwa, mtu asimsumbue. Basi ndugu wa mgonjwa wakawa wanatumwa duka la dawa. Ndipo akaja Recho, muuza migebuka, wale samaki wa ziwa letu, mimba yake ya kwanza, na mumewe nyuma ameshika chupa ya chai na hana kingine.

"Glavu ziko wapi?" Leonia akauliza.

"Tuliambiwa huduma ya mama na mtoto ni bure," mume akajibu.

"Ni bure, ndiyo. Sasa huyu mtoto nimdake kwa mikono mitupu kama golikipa?"

Mume akakimbia, akarudi na glavu, mtoto akatoka salama, wa kiume, kilo tatu na nusu. Yote yakasahaulika isipokuwa lile neno. Mtu wa kwetu atasahau uchungu wa kuzaa, atasahau hata sura ya mkunga, lakini neno alilotupiwa atalihifadhi kama sahani za wageni.

Wiki mbili baadaye akaja mheshimiwa. Jina lake pia nalimeza, leo nina njaa. Yakafungwa maturubai uani, viti vikavalishwa nguo, wananchi wakaambiwa watoe kero zao bila woga. Recho akashika kipaza sauti, mtoto mgongoni, akasema nesi wa hapa ana lugha mbaya, mtu ana uchungu yeye anamletea habari za mpira. Watu wakacheka. Mheshimiwa hakucheka. Siku hiyo alikuwa bado hajapata wa kumkaripia, na picha zilikuwa zinapigwa.

"Yuko hapa? Asimame! Aje mbele!"

Leonia akatolewa wodini akiwa na aproni yake, ameacha mwanamke anakaribia kujifungua. Akasimamishwa mbele ya watu mia tatu. Akaambiwa analipwa kwa kodi za hao hao anaowatukana. Akaambiwa uuguzi ni wito. Mnalijua hilo neno, wito? Hulisikii akiambiwa rubani wala mkurugenzi. Huambiwa nesi na mwalimu wa msingi, siku wanapodai chochote. Na katika maneno yote hayo hakuna mtu, hata mmoja, aliyeuliza stoo ina glavu ngapi. Daktari Eliakimu, aliyejua idadi hiyo vizuri maana ilikuwa sifuri, alikuwa mstari wa mbele anapiga makofi. Mheshimiwa akataka barua ya onyo kabla hajapanda gari. Eliakimu akaiandika palepale, juu ya boneti ya gari.

Leonia akarudi wodini, akazalisha yule mwanamke, akanawa mikono. Kisha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kulia.

Aliyemkuta pale ni Bi Ashura, mhudumu wa wodi, mama wa Ujiji wa miaka hamsini na mitano ambaye kazi yake kwenye karatasi ni kufagia na kupiga deki.

"Naondoka, Bi Ashura," Leonia akasema. "Naondoka hapa na naondoka nchi hii. Siyo mshahara. Mshahara mdogo nimeuzoea. Lakini kusimamishwa mbele ya watu kama mwizi wa kuku, kwa kosa la stoo ya mtu mwingine, hapana. Sitaki tena."

Ashura akafikiri. Mpwa wake, Yusra, alikuwa Maskati, Omani, mapokezi kwenye hospitali moja, na kila siku anaimba kwamba huko wanatafuta wakunga kwa tochi. "Maajabu haya, mwanangu," akasema. "Babu zetu sisi walikaa hapa Ujiji wanawakimbiza babu zenu porini, wawafunge kamba, wawapeleke pwani. Wakaumwa na nyoka, wakapigwa mishale. Leo mnapanga foleni ya pasipoti wenyewe, na picha mmepiga! Laiti wangejua, si wangesubiri tu?"

Leonia akacheka huku kamasi zinamtoka. Siku ileile Yusra akapigiwa simu.

Mambo yakaenda. Mtihani akaufanya, akaupita. Usaili ukafanyika kwa simu, Happiness ameishika mbele ya uso wa mama yake na kuambiwa asitikise mkono. Leseni ya Baraza la Wauguzi ikathibitishwa. Ikabaki karatasi moja tu. Barua ya mwajiri, yenye saini na mhuri, iseme kwamba Leonia ni mfanyakazi mzuri na hana onyo lolote. Mwisho wa kuipokea tarehe kumi na tano Mei. Bila barua hiyo nafasi anapewa mwingine.

Mwezi wa pili akaingia ofisini kwa Eliakimu.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, sista." Akasoma ombi. Uso ukambadilika, ukawa wa mtu aliyeambiwa nyumba yake inauzwa. "Sista Leonia! Uondoke? Wewe? Wewe ni nguzo ya kituo hiki!"

"Nguzo ina onyo, Daktari."

"Ahaa, hapo umesema. Ndiyo maana siwezi kuiandika hiyo barua. Nitaandikaje kwamba huna onyo wakati unalo? Uongo kwenye nyaraka ni kosa."

Mwaminifu kweli, huyo! Basi ikawa ndiyo ngoma. Leonia akienda Jumatatu, faili liko kwa mkurugenzi wa halmashauri. Akienda Alhamisi, faili limerudi lakini mhuri umesafiri, katibu kaenda nao semina kwenye mkoba. Mhuri ukirudi, Daktari ndiye kasafiri. Machi ikaisha, Aprili ikaingia. Leonia akakonda. Usingizi ukampaa. Usiku anahesabu siku kwa vidole, mtoto amelala pembeni, asubuhi anavaa sare na kwenda kuambiwa yeye ni nguzo.

Kumbe Eliakimu naye hapati usingizi. Hakuwa mtu mbaya sana, tusimwonee. Alikuwa mwoga tu. Leonia akiondoka, uzazi wote unamwangukia yeye, na mara ya mwisho Eliakimu kumshika mtoto mchanga alikuwa wa kwake mwenyewe, tena alimshika vibaya mpaka mama mkwe akampokonya. Kuomba mkunga mwingine alishaomba, akajibiwa kwamba kituo chake kinao wanne. Kumpandisha Leonia daraja, lililokwama miaka saba, kulihitaji kusafiri, kubishana na watu, kukaa kwenye mabenchi. Hayo hakuyaweza. Alichoweza ni kusifu. Kusifu hakuhitaji bajeti.

Ndipo akapata akili. Mei Mosi ilikuwa inakaribia, na kila kituo hutoa mfanyakazi hodari. Tumpe Leonia! Mtu ukimsifu hadharani anaona haya kukuacha. Ndivyo wanavyofanyiwa wakwe, ndivyo wanavyofanyiwa wapiga kura, iweje ishindikane kwa nesi?

Tatizo likawa fomu. Fomu ya mfanyakazi hodari ilidai barua ya mkuu wa kituo, na ilisema waziwazi kwamba mwenye onyo hafai. Eliakimu alisita, nakuapieni, kama dakika nzima. Halafu akajiambia, ah, hii ni Mei Mosi. Nani amewahi kuulizwa maneno ya Mei Mosi? Siku hiyo kila kiwanda kinazalisha, kila mwajiri anajali, kila barabara inakaribia kukamilika. Akakaa na kuandika kwa raha zote, tena kwa kalamu ya wino. Kwamba muuguzi mkunga Leonia, kwa miaka yote kumi na moja, "hajawahi kupewa onyo la mdomo wala la maandishi." Kwamba lugha yake kwa wagonjwa "ni ya kupigiwa mfano mkoani." Kwamba mwajiri yeyote angejivunia kuwa naye. Akasaini. Mkurugenzi akasaini chini yake, katikati ya barua arobaini alizosaini mchana huo bila kusoma hata moja. Na mhuri, ambao tangu Februari haukuwahi kupatikana siku mbili mfululizo, ulikuwa mezani. Ukagongwa mara mbili, maana mara ya kwanza haukukolea.

Siku yenyewe Leonia akaandamana na wenzake, fulana imemfika magotini, kofia inamshuka machoni. Bendi ikapiga. Mshereheshaji akaisoma barua nzima, mpaka kale kasehemu ka lugha ya kupigiwa mfano, na huko nyuma Bi Ashura akapaliwa na soda. Mgeni rasmi akamkabidhi bahasha na zawadi yake, godoro. Mkono ukapeanwa kwa muda mrefu, mpaka mpiga picha aliporidhika.

"Endelea hivyohivyo," mgeni rasmi akamwambia.

Pembeni ya uzio alikuwa Recho na beseni lake la migebuka. Na yeye alikuwa anapiga makofi. Leonia alimwona. Hakujua acheke au amrushie kofia.

"Umeona tunavyokuthamini?" Eliakimu akamnong'oneza.

Godoro likafungwa juu ya bajaji. Njiani Leonia akafungua bahasha kwa uvivu tu, akijua ndani mna cheti. Cheti kilikuwamo. Nyuma yake ilikuwamo barua. Akaisoma mara moja. Akairudia sehemu ya onyo kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akaangalia mhuri, akapiga kelele, "Mungu wangu!" mpaka dereva akakanyaga breki akidhani godoro limeanguka. Mvua ikaanza, ikabidi godoro liachwe kituoni lisilowe. Jumatatu alilikuta kwenye kitanda namba tatu, mwanamke kalala juu yake, nailoni haijatolewa. Aliambiwa ni kwa muda tu. Leonia akavaa aproni, akaingia kazini. Barua ilikuwa imeshapigwa picha na kufika Maskati.

Jibu lilikuja tarehe kumi na mbili. Siku hiyohiyo Eliakimu akapokea barua ya kuacha kazi, na nakala ya barua yake mwenyewe imebanwa nyuma. Alitoka ofisini na viatu vya ndani.

"Sista! Hii barua ilikuwa ya sherehe!"

"Kumbe mhuri uko wa sherehe na wa kazi, Daktari?"

"Maneno ya Mei Mosi hayapelekwi nje ya nchi! Nitawapigia simu. Nitawaambia una onyo."

"Waambie. Na mgeni rasmi tumwambie lini kwamba alisomewa uongo wako mbele ya mkoa mzima?"

 Eliakimu akamtafuta Mungu darini, hakumwona, akasema kwa uchungu, "Kweli asante ya punda ni mateke."

Bi Ashura alikuwa anapiga deki pale mlangoni. Hakuinua hata kichwa. "Na huyo punda, Daktari, mlimpa hata majani?"

 Ndipo yule bwana akauliza swali la kweli, la kwanza tangu nimfahamu, na akaliuliza kwa sauti ndogo. "Sasa atabaki nani?"

Swali hilo lilimchoma Leonia, msidhani halikumchoma. Alikuwa ameshajiuliza mara nyingi. Lakini kwa nini aulizwe yeye? Aulizwe aliyeandika wanne kwenye karatasi. Aulizwe mwenye stoo. Nchi nzima iwe imelala, halafu mwanamke mmoja wa Buzebazeba akitaka kutoka nje mlango ndiyo watu waamke na kumuuliza anamwachia nani nyumba!

Sherehe ya kumuaga haikuwapo, bajeti ilikuwa imeishia kwenye fulana. Kipimo cha presha na taa ya kichwani akamwachia Ashura. Happiness akampeleka Mwandiga kwa bibi yake. Skolastika akamshika mikono yote miwili, akamtazama, mikono yake mwenyewe inanukia mawese. "Nenda," akasema. "Huyu nitamlea kama nilivyokulea wewe. Ila usiniambie ni kwa ajili yake. Nenda kwa ajili yako, ili ukichoka usimlaumu." Happiness hakulia mbele ya mama yake. Leonia alilia kwa wote wawili, kutoka Mwandiga mpaka uwanja wa ndege.

Huko Maskati glavu ziko ukutani. Maboksi matatu, saizi tatu, kila chumba. Siku ya kwanza alivaa jozi moja, akamhudumia mgonjwa, akazivua, akazisafisha kwa sabuni na kuzianika kwenye ukingo wa sinki zikauke. Mkuu wa zamu akazikuta. Akamuuliza kwa upole kabisa hizi ni za nini.  Leonia akaenda chooni, akafunga mlango, akalia kwa hasira. Miaka kumi na moja! Kumbe kitu chenyewe ndicho hiki, kinatundikwa ukutani kama kalenda.

Miezi tisa ikapita. Mchana mmoja wa Februari, yuko mapumziko na chai yake, simu ikaita kwa picha. Bi Ashura, taa kichwani na jua la saa nane linawaka.

"Mwanangu, nipo peke yangu. Daktari yuko semina. Mkunga mpya anakuja, tangu Juni anakuja. Kichwa kinaonekana, na huyu mama anasema anataka kuongea na wewe kwanza."

Simu ikageuzwa. Kitanda namba tatu, juu ya godoro la mfanyakazi hodari, alikuwa amelala Recho, jasho linamtiririka.

"Dada Leonia," akasema. Meno yalikuwa yanagongana. "Dada, nisamehe. Naogopa. Rudi, dada. Rudi hata unitukane."

Leonia akaweka kikombe chini. 

"Glavu umenunua?"

"Nimenunua. Jozi mbili."

"Haya. Golikipa wako leo ni Bi Ashura. Usisukume mpaka nikwambie. Bi Ashura, weka simu dirishani nione mikono yako."

Mtoto akalia saa nane na dakika ishirini na tano. Wa kike. Leonia akahakikisha kondo limetoka lote, damu imetulia, mama amefunikwa, mtoto yuko kifuani. Ndipo Ashura akavuta daftari la wazazi, lile kubwa la wilaya, na kuanza kujaza. Jina la mama. Uzito. Saa. Kalamu ikasimama.

"Mwanangu, hapa wanataka jina la aliyezalisha. Mimi mfagiaji, siruhusiwi. Wewe si mtumishi tena. Niandike nani?"

Leonia akatazama maboksi yale matatu ukutani.

"Andika yule mheshimiwa wa wito," akasema.

Ashura akainama, akaandika.